Leseni ya hempu imetoka Julai, msimu umeshaniponyoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mtu wa Tanga akisikia katani anawaza mkonge, kwa hiyo niseme mapema: nazungumzia hempu, bangi ya nyuzi isiyolewesha. Hapa Marekani ni zao halali tangu sheria ya kilimo ya Desemba 2018, mradi THC, kemikali inayolewesha, isizidi asilimia 0.3.

Mimi na shemeji tulikodi ekari sita. Mwanzoni mwa Februari tukapeleka maombi ofisi ya jimbo: ramani ya shamba, nukta za GPS, na ripoti ya FBI ya kila mmoja wetu kuonyesha hajatiwa hatiani kwa kosa kubwa la dawa za kulevya ndani ya miaka 10. Ripoti hiyo haitakiwi kuzidi siku 60 siku unapowasilisha ombi. Wakalikalia faili hadi katikati ya Aprili, ndipo wakaturudishia eti ramani haionyeshi njia ya kuingilia shambani. Mstari mmoja wa kalamu! Tukauchora siku hiyo hiyo. Wakasema sasa hilo ni ombi jipya, na ripoti zimepitwa na muda.

Alama za vidole upya, ili FBI watoe ripoti mpya. Shemeji anakata kuku kiwandani, ncha za vidole zimelika, alama zake zikakataliwa mara mbili. Nilimkuta kwenye gari anajipaka mafuta ya mgando vidoleni, kimya, ajaribu tena kesho yake.

Hempu ya nyuzi inatakiwa iwe ardhini Mei. Mmea huu unafuata urefu wa mchana. Siku zikianza kufupika unaacha kurefuka, unatoa maua. Sisi tumepanda Julai kwa sababu mbegu tulishalipia. Leo shina linanifika kifuani, na lilipaswa kunipita kichwa. Mnunuzi alikuja, akavunja moja, akavuta nyuzi zake, akaondoka.

Na kipimo cha THC bado. Ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna anakuja mtu kukata inchi 5 hadi 8 za ncha yenye maua. Mimi nauza shina! Maua hakuna anayeyanunua kwangu, lakini ndiyo yanaamua mavuno yangu yaende sokoni au la.

Ombi likirudishwa kwa marekebisho, tarehe ya kwanza ihesabiwe. Hilo tu ndilo ninalodai. Aliyewahi kupata leseni hii Marekani, jimbo lolote, aniambie alilalamika wapi akasikilizwa. Barua yangu naipeleka Jumatatu.