Sululu wa Mida Creek: ni yupi huyu?

Swali: Wakuu, hapa Mida Creek, hori ya bahari kwenye pwani ya Kenya, maji yakitoka naona ndege wa ufukweni, sululu wa kahawia, mdomo umepinda chini. Nitatofautishaje aina mbili za sululu, Numenius phaeopus (whimbrel) na Numenius arquata (curlew)?

Jibu: Anza na kichwa. Phaeopus ana michirizi miwili ya kahawia iliyokoza utosini, katikati mstari mweupe. Arquata hana. Urefu wa mdomo pekee hautoshi, maana arquata mchanga naye huwa na mdomo mfupi.

Jibu: Mgongo mweupe akiruka usikuhadae, wote wanao. Sikiliza: phaeopus hupiga miluzi mifupi ya haraka, kama saba hivi, sauti haipandi wala kushuka, *pipipipipipipi*. Arquata huvuta *kuur-lii*, ikipanda mwishoni.

Muulizaji: Na jua likinipiga usoni?

Jibu: Zunguka upande wa pili. Ukishindwa, subiri alie.