Wagarifuna na hadithi za matangani: zinaweza kuponya watu na kufufua lugha?

Mleta mada: Wakuu, hapa Bronx, New York, nimepakana na Wagarifuna. Asili yao ni Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St Vincent, huko Karibea. Waingereza walipowashinda waliwafungia kisiwa cha Baliceaux, wakafa wengi mno, na mwaka 1797 waliobaki wakaenda kutupwa Roatán, Honduras. Wana hadithi ziitwazo úraga, za kukesha nazo matangani. Juzi jirani alifiwa. Bibi mmoja akasimulia, akaingiza wimbo, watu wazima wakaitikia. Wajukuu wakainua macho kwenye simu, hawajui la kuitikia. Iliniuma. Sasa hadithi hizi zisimuliwe Kiingereza ili watoto waelewe, au zibaki Kigarifuna?

Nahodha_Kilwa: Majeraha yanatibiwa hospitali, mkuu. Na nimewahi kusoma kwamba lugha hiyo ina namba zake mpaka tatu tu, kuanzia nne wamechukua kwa Wafaransa. Mnafufua nini hapo?

MjukuuWaHandeni: Wewe sita, saba na tisa umezitoa wapi? Si kwa Mwarabu?

Nahodha_Kilwa: Haya, kimeanza! Kiswahili ni Kibantu, nimechoka kusikia kwamba tumepewa lugha na Waarabu.

MjukuuWaHandeni: Soma vizuri. Nimesema namba, sikusema lugha. Kama namba za kuazima haziui Kiswahili, haziui Kigarifuna.

MamaWaTatu: Mimi naomba nirudi kwenye hiyo hospitali. Mama yangu alipofariki sikutoa chozi siku tatu. Usiku wa nne shangazi kakaa jikoni na watoto, akasema "Paukwa!" Wakajibu "Pakawa!" Nami nikajikuta nimejibu kutoka chumbani, kwa sauti ya utotoni, na hapo ndipo nikalia. Nahodha, hospitali gani ingenipa hilo?

Nahodha_Kilwa: Pole sana dada yangu. Sikukulenga wewe.

Mleta mada: Ahsante mama. Nao wana dügü, ibada ya mizimu inayoongozwa na buyei, yaani mganga wao. Ndugu wanarudi kutoka mbali, wanapiga ngoma na kuimba siku kadhaa, mgonjwa akiwa kati yao. Nyimbo ni Kigarifuna. Kizazi kisichojua kuitikia kitamponyaje mgonjwa huyo?

Kijana_wa_Ufuoni: Warekodi tu, waweke mtandaoni. Unesco walishaitambua lugha yao na ngoma zao tangu 2001.

MamaWaTatu: Mwanangu, kinasa sauti hakingoji "Pakawa". Bibi yangu usipoitikia alikuwa ananyamaza kabisa, hadithi haiendi. Ndiyo maana tulifumbua midomo. Mtoto akisikiliza tu anapata hadithi, lugha inabaki kwa bibi. Zisimuliwe Kigarifuna, na watoto wafundishwe kwanza kuitikia.

Nahodha_Kilwa: Hapo nakubali. Ila Mjukuu hajanijibu. Kabla ya Mwarabu tulihesabu vipi?

MjukuuWaHandeni: Tandatu, fungate, nane, kenda, kumi.

Kijana_wa_Ufuoni: Fungate si ile ya maharusi?

MjukuuWaHandeni: Ndiyo hiyo. Siku saba.

Kijana_wa_Ufuoni: Nimeoa mwaka jana, nimekaa fungate, sikujua nimekaa ndani ya namba!

Mleta mada: Jamani, mada ni Wagarifuna…

Nahodha_Kilwa: Subiri kidogo mkuu. Na ishirini je?

MjukuuWaHandeni: Ya Mwarabu. Bibi yangu alikuwa anasema makumi mawili.

Nahodha_Kilwa: Wa kwangu pia! Nilidhani anakosea, nikawa namsahihisha.