MREJESHO: Zile sensa za kupimia shingo

Wakuu habari za leo, mimi ndo yule mfiziotherapia wa Mwanza niliyeuliza kama sensa za kuvaa (vile vidude vya kielektroniki vya kupima mwendo) zinapima shingo inageuka na kuinama kiasi gani vizuri kuliko goniomita ya mkono, yaani kile kipimapembe cha kawaida.

Nimeanza kuzitumia kliniki, zinasaidia ila si uchawi. Aliyenishauri nifunge mbili, moja kwenye paji la uso nyingine mgongoni pale shingo inapoishia, ubarikiwe sana, maana wagonjwa wangu wengi ni akina mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanaobeba ndoo za dagaa kichwani, ukimwambia mama geuka kulia anageuka na mabega yote, sasa sensa moja inahesabu mpaka kiwiliwili, unasoma digrii 80 unasema huyu kapona kumbe shingo yenyewe imeishia 50. Zikiwa mbili programu inaondoa mwendo wa mgongo, unabaki na wa shingo tu.

Kinachosumbua ni vyuma. Ndani kuna kipima sumaku, mtu akikaa karibu na kitanda cha chuma namba za kugeuka zinayumba hovyo, za kuinama na kuinua kichwa afadhali kwa sababu zenyewe zinategemea mvutano wa dunia. Nimehamia kiti cha mbao na nazirudisha sifuri kabla ya kila kipimo. Mkanda nao ukaze, juu ya wigi unateleza balaa.

Goniomita sijaitupa, chaji ikiisha naikimbilia. Na yule aliyeuliza kuhusu maumivu, hapana mkuu, sensa hazipimi maumivu, hayo bado unamuuliza mgonjwa mwenyewe.