Huyu fundi anayezunguka majumbani leo kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Mzee wa Mdogomdogo (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Msiniambie nimtaje, mnamjua. Yule wa pikipiki yenye honi ya basi, anayepita huku Goba akijigamba giaboksi anaifungua kwa macho.

IST yangu ya 2004 imeanza kuteleza gia. Ikitoka ya pili kwenda ya tatu, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unaruka juu, injini inapiga kelele mtaa mzima, gari liko palepale. Kilima cha Goba napanda nalo mpaka msukuma mkokoteni wa maji ananipita na kunipungia mkono.

Jamaa kaja. Gari liko uani kwenye mteremko, limezimwa, limepoa. Kachomoa kijiti cha kupimia haidroliki, ile oili ya giaboksi. KAKINUSA. Kafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa shughuli. Kakifutia kwenye ovaroli ambalo halijafuliwa tangu enzi za Mkapa. Mama mkwe yuko barazani anapeta mchele, kaja juzi kutoka Tanga. Majirani wako ukutani, kazi hawana. Nauliza kwa upole, "Fundi, vipi?" Bwana mkubwa kapandisha sauti:

"Bosi, gari halitelezi. Anayeteleza ni dereva."

MBELE YA MAMA MKWE.

Mama kacheka mpaka ungo ukamponyoka, mchele wote chini. Halafu kamwita, "Njoo baba, upate chai." Baba! Mimi tangu nioe sijaitwa baba. Kakaa kwenye kiti changu, kala chapati zangu, na anaondoka anadai elfu thelathini ya kupima. Kupima nini? Si kanusa tu! Elfu thelathini ya kunusa!

Anayeteleza ni dereva. Mbele ya mama mkwe. Mods, uzi huu msiupeleke kule jukwaa la magari, uacheni hapa watu wauone.

Kiroboto wa Salasala
Mkuu, tukiweka hasira pembeni, kwani si kweli? Nauliza tu.

Mzee wa Mdogomdogo
Wewe ndiye yeye. Umeingia kwa jina lingine.

Bi Mkubwa Mstaafu
Mimi niko upande wa mama. Chapati zilikuwa za maji au za kusukuma?

Spana Kumi na Mbili
Punguzeni utani kidogo. Kapima vibaya tangu mwanzo. IST hiyo ni otomatiki ya gia nne, haipimwi ikiwa imezimwa. Iendeshe mpaka giaboksi ishike moto, iegeshe pahali tambarare, injini iendelee kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia taratibu toka P mpaka L, rudi P. Hapo ndipo uchomoe kijiti, ukifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi (ovaroli hapana), ukirudishe, ukichomoe tena, usome alama ya HOT. Kwenye mteremko kijiti kinasema uongo.

Ikiwa chini, tafuta panapovuja. Haidroliki haiungui na kuisha kama oili ya injini, ikipungua ujue kuna pahali imetokea. Ikiwa nyekundu, una matumaini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti za klachi zimeshaliwa, na kubadili haidroliki peke yake hakurudishi pleti. Ukiongeza iwe Type T-IV. Na ukifungua nati ya chini inamwagika sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta (ile inayounganisha injini na giaboksi), kwa hiyo usishangae ukimimina ndogo kuliko ile iliyoandikwa kitabuni.

Mzee wa Mdogomdogo
Ubarikiwe mkuu. Sasa haya si ndiyo angeyasema kwa sauti ile ile, mama asikie? Yeye kasema nini? ANAYETELEZA NI DEREVA.

Kachumbari Bila Pilipili
Kunusa si kosa lakini, hata mafundi wakubwa wananusa. Kosa ni bei ya pua.

Fundi Umeme Mtaani
Kabla ya kufungua chochote, chomeka mashine ya kupimia usome kodi za hitilafu. P0730 ni uwiano wa gia haulingani, P0741 ni klachi ya konveta. Wakati mwingine ni solenoidi tu (vali ya umeme ya giaboksi), na mtu keshakimbilia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua giaboksi nzima ya mtumba.

Mwathirika wa CVT
Wewe mshukuru Mungu kanusa tu. Huyo huyo wa honi ya basi, kwangu kamimina haidroliki ya kawaida kwenye CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua! Ile ndani ina mkanda wa chuma na puli, inataka oili yake yenyewe. Namuonyesha kitabu cha gari, ananijibu, "Hayo Wajapani wanaandikiana wenyewe." Sasa hivi nafugia kuku humo.

Kiroboto wa Salasala
Kuku kwenye gari? Wanataga?

Mwathirika wa CVT
Siti ya nyuma ndiyo wanayoipenda.

Shangazi Mwenye Kisa
Afadhali nyie fundi anakuja. Wangu wa cherehani ana kitambaa changu tangu Idi. Nikipiga simu ananiambia "kiko kwenye mashine". Jana namuona mke wake kanisani kwenye harusi ya jirani yangu, kavaa gauni la kitambaa changu. Na limempendeza!

Bi Mkubwa Mstaafu
Yule wa karibu na soko? Ana na changu!

Mzee wa Mdogomdogo
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaniambia mbele ya mama mkwe

Shangazi Mwenye Kisa
Subiri kidogo baba, hili la kitambaa ni zito. Bi Mkubwa, chako ni kitenge au satini?

Bi Mkubwa Mstaafu
Kitenge, na pesa ya kazi nililipa yote.

Kachumbari Bila Pilipili
Mwenye kuku wa CVT, trei la mayai shilingi ngapi? Niko Mbezi.