MREJESHO: Yule nzi anayeng'ata ng'ombe wangu si mbung'o, ni pange

Wakuu habari zenu, wiki mbili nyuma niliuliza humu kuhusu nzi wa kijivu anayesumbua ng'ombe wangu huku Mtama, mkoani Lindi, karibu na mto Lukuledi, nikawa na hofu kweli ni mbung'o maana nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ikiingia zizini umeumia.

Basi nimefanya mlivyosema, nikamvizia asubuhi akiwa ametulia mguuni kwa ndama nikampiga picha kabla sijamkamata. Mbung'o akitua mabawa yanalaliana moja juu ya lingine kama mkasi umefungwa na mrija wake unatokeza mbele, huyu wangu kayaweka kama paa la nyumba, ya kijivu yenye vidoti vyeupe vingi. Hiyo ndo Haematopota, jamii ya pange. Kuna pange wengine pia: Tabanus anakuwaga mkubwa zaidi na mabawa hayana vidoti hivyo, Chrysops ana mkanda mweusi kwenye bawa.

Kilichonishangaza ni macho jamani, akiwa hai yana mistari ya rangi inayopinda pinda, nzuri ajabu, nikamkausha kesho yake imefifia yote, kwa hiyo picha piga akiwa hai! Na macho yameachana katikati, kumbe jike, dume yanagusana, na jike ndo anayenyonya damu.

Spishi kamili bado, nina wanne kwenye kopo nitawapeleka kwa afisa mifugo. Asanteni sana, nimelala usingizi.