Fotokopi za vampaya kwa bei ya orijino, halafu naambiwa "wasichana huangalia picha tu"

Wanajukwaa, nimeuziwa fotokopi za katuni za vampaya, yaani mnyonya damu, badala ya vitabu halisi. Nina hasira siku ya tisa sasa na leo naimwaga hapa. Jina la muuzaji sitalitaja, akisoma atajijua. Jina la katuni nalo naliacha, maana aliyeichora hana kosa na sitaki jina lake liguswe na uchafu huu.

Nina saluni ndogo Kondele, hapa Kisumu. Viti vitatu, draya mbili, na rafu ukutani iliyokuwa ya mafuta ya nywele. Siku hizi ni rafu ya vitabu. Ilianza na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuja kusukwa akiwa na katuni ya Kijapani aliyoazimwa na binamu yake wa Nairobi. Ni mapenzi ya msichana wa shule na mvulana ambaye ni vampaya. Kusuka rasta ndogo huchukua saa tano, sita. Kufikia jioni wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wamemwinamia mabegani, wanamwomba asifunue ukurasa kabla hawajamaliza. Jumamosi iliyofuata wakaja wanne, na wawili kati yao hawakuja kusukwa.

Sasa ni saba. Wote wanasoma shule za kutwa, wanatoka Manyatta, Nyalenda na Migosi. Walikuwa na kitabu cha kwanza peke yake, na seti nzima ni vitabu 12. Wakaamua kuchanga shilingi 50 kila mmoja kila Jumamosi. Wiki 20 hawakukosa. Mmoja alikuwa analeta sarafu za kumi kumi alizopata akimsaidia mamake kuuza mandazi, zikiwa bado zina mafuta. Mwingine alitembea kwa miguu kutoka Nyalenda ili nauli ya boda iingie kwenye mchango. Niliandika kila shilingi kwenye daftari langu la saluni: 7,000. Kitabu kimoja muuzaji alikitaka 650, kwa hivyo seti ni 7,800. Nikaongeza 800 zilizopungua na 300 za parseli, nikatuma zote kwa M-Pesa kwa huyo muuzaji wa Nakuru aliyekuwa ameweka picha mtandaoni.

Zile picha ninazo kwenye simu mpaka leo. Majalada yanang'aa, mgongo wa kitabu uko upande wa kulia kama inavyotakiwa. Nilimuuliza mara mbili kama ni orijino. Mara zote mbili akaniandikia: "Orijino kabisa madam."

Ijumaa jioni nikapigiwa simu niende steji. Nilijua nimepigwa kabla sijakata kamba, harufu ya wino wa fotokopi ilikuwa inatoka ndani ya katoni. Karatasi za A4 zimekatwa katikati, zimepakwa gundi, jalada ni karatasi ngumu kidogo yenye picha iliyofifia. Na vilikuwa vitabu 11. Cha mwisho hakimo.

Kwa wasiozijua katuni hizi, niwaeleze kosa liko wapi, maana kuna atakayesema hadithi ni ile ile. Za Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Zamani Wamarekani walipozitafsiri walikuwa wanazigeuza kama kwenye kioo, na matokeo yake kila mtu ndani akawa anatumia mkono wa kushoto. Kuanzia 2002, kampuni ya Tokyopop ilipoamua kuziacha jinsi zilivyochorwa, wengine wakafuata, na wasomaji wakazoea. Wasichana wangu walizoea kwa siku moja. Huyu jamaa wa Nakuru yeye amefotokopi kurasa jinsi zilivyo, kisha akapaka gundi upande wa kushoto kama daftari la hesabu.

Sasa tazameni kilichotokea. Kitabu cha nne kina picha iliyochorwa kuenea kurasa mbili. Mvulana amejizuia vitabu vitatu vizima, na hapo ndipo anaposhindwa, anainama shingoni mwa msichana. Kwa kuwa gundi iko upande usio wake, nusu ya kulia imeenda kushoto na ya kushoto imeenda kulia. Mvulana yuko ukingoni mwa ukurasa, meno nje, anauma hewa. Msichana yuko ukingo wa pili amempa mgongo, amefumba macho, anasubiri mtu ambaye hayuko. Vitabu vitatu vya kungoja, halafu unafunua na kukuta hivyo. Yule wa sarafu za mafuta alikitazama kile kitabu, akakigeuza juu chini, akanitazama mimi. "Anti, wamekosana?"

Na giza! Hadithi ya vampaya karibu yote ni usiku, na wachoraji wa Japani huchora usiku kwa vidoti vidogo vidogo, kiasi kwamba kwenye kitabu halisi unaona nywele ndani ya giza na jicho ndani ya nywele. Fotokopi imevimeza vidoti vyote. Kuna kurasa ambazo ni weusi mtupu na kiputo cha maneno kinaelea katikati. Hujui nani anasema.

Nikampigia Jumatatu asubuhi. Sikutukana, mashahidi ni wateja wangu. Nilimwambia nataka vitabu halisi au pesa za watoto. Jibu lake neno kwa neno: "Madam, hizo si ni za wasichana? Wao huangalia picha tu. Hakuna hata mmoja angejua kama wewe hungewaambia." Kisha akanizuia. Simu haiingii, ujumbe hauendi.

Hapo ndipo nilipochemka kweli. Wizi wa shilingi 8,100 ni wizi, nimewahi kuibiwa na nikanyamaza. Lakini kuniambia hao wasichana hawana akili ya kujua wameuziwa takataka?

Nimwambie wanachoangalia. Kuna siku walifika mahali ambapo vampaya amesimama kizingitini na haingii. Mmoja akauliza kwa nini haingii na mlango uko wazi. Nikawaeleza kwamba sharti hilo ni la zamani, limo hata ndani ya Dracula ya Bram Stoker ya 1897, kwamba hawezi kuingia nyumba mara ya kwanza mpaka mtu wa humo ndani amkaribishe. Wakanyamaza. Halafu yule mkubwa wao, kichwa chake nikiwa nimekishika, kimesukwa nusu, akasema, "Kwa hivyo akikuumiza watasema ni wewe ulimfungulia." Mwingine akamrukia: "Kumkaribisha chai si kumkaribisha shingo!" Mjadala ukaanzia hapo, ukapita kwa mtu wa boda anayekubeba bure wiki nzima kisha anadai, ukapita kwa binamu anayekuja likizo na zawadi ya simu, ukafika kwa mwalimu. Mambo ambayo msichana wa miaka kumi na sita hayasemi mbele ya mamake. Mimi nilikuwa nasuka tu, nasikiliza, mikono inatetemeka. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya aliizima ili asikie. Hao ndio wanaoangalia picha tu.

Na kabla mtu hajaja hapa chini kuniambia ni ushetani, nimeshaambiwa na mama wa kanisani, sihitaji kurudiwa. Sisi tuliosoma miaka ya tisini tunakumbuka hofu ile, mpaka Rais Moi akaunda tume mwaka 1994 chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada ya shetani, na kila kitu chenye picha ya ajabu kikawa kinatiliwa shaka shuleni. Hadithi za wanyonya damu hazikuletwa na Wajapani. Nyanyangu wa Siaya alitutisha na kachinja jua likianza kuzama. Pwani wana mumiani wao. Wazee wa Nairobi waliambiana kwamba wazimamoto wa mkoloni wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Tulikua na hadithi hizo na tuko hapa.

Wengine watasema nilipenda rahisi. Sh. 650 kwa kitabu cha mtumba si rahisi kwa mtoto wa Manyatta. Vitabu halisi vikiwa vipya ni ghali kwa sababu vinatoka nje, na tangu 2013 serikali ikaweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, jambo ambalo nalo lingetaka mada yake. Nilitafuta mtumba halali, nikauliza, nikahakikishiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara. Kipo pale, nimekisoma. Na kufotokopi kazi ya mtu na kuiuza ni kuvunja sheria ya hakimiliki, kwa hivyo wizi ni wa mara mbili, kwetu na kwa mchoraji.

Jumamosi iliyopita niliwaambia ukweli. Nilitegemea kilio. Yule mkubwa alichukua kitabu cha kwanza, akakichunguza kama fundi, akasema kurasa zenyewe zimefuatana vizuri, shida ni upande wa gundi tu. Tukachukua wembe tukakata mgongo wote wa kushoto. Tukapanga karatasi, tukatoboa upande wa kulia, tukashona kwa ile sindano iliyopinda ninayoshonea nywele, na uzi wangu mweusi. Dakika arobaini. Pale pembeni mishono imemeza maneno machache, lakini ukifungua kitabu cha nne sasa yule mvulana ameinama anapostahili kuinama. Walipiga makofi mpaka mtu wa kinyozi jirani akaja kuchungulia.

Kwa hivyo wewe wa Nakuru, ujue kazi iliyokushinda imefanywa na wasichana saba kwa wembe na sindano ya saluni. Upande wa kulia badala ya kushoto, gundi ile ile, bei ile ile. Hukujisumbua kwa sababu uliona ni wasichana.

Tumeshashona saba, vimebaki vinne. Kurasa nyeusi hatuwezi kuzisaidia. Na kitabu cha 12 hatuwezi kukishona kwa sababu hakipo. Nataka seti halisi au 8,100 zirudi kwa namba ile ile iliyotuma, kabla ya Ijumaa. Risiti, picha na ujumbe wako wote ninao, na Jumatatu ninavipeleka polisi na kwa Bodi ya Hakimiliki.

Na kama kuna mtu humu, awe Kisumu, Kakamega, Eldoret, popote, ambaye ana rafu ya katuni za vampaya za Kijapani na yuko tayari kuuza au kuazima, aniandikie faraghani nimtajie jina la katuni. Ni kitabu cha mwisho tu. Kitabu cha 11 kinaishia mvulana akiwa nje ya mlango, mvua inanyesha, na msichana ameshika kitasa.