Naomba ushauri: ramani za safari ya baiskeli kando ya Mto Danube

Wanajukwaa, salamu kutoka Kisumu. Mimi na mke wangu tunakusudia kuendesha baiskeli kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, hadi Vienna nchini Austria, umbali wa kilomita 300 na ushei. Katika maduka ya vitabu ya hapa nimepata atlasi za shule na ramani za Kenya tu. Je, ni ramani zipi zinazofaa, na tuzinunue kabla ya kuondoka au tukishafika?

Jibu kutoka Nakuru
Ndugu, kwanza tenganisha kupanga na kuendesha. Kwa kupanga, ramani ya kipimo cha 1:200,000, ambapo sentimita moja ni kilomita mbili, inatosha kukuonyesha miji na reli. Kwa kuendesha unahitaji 1:75,000 au 1:50,000. Vijitabu vya bikeline, vinavyochapishwa na Esterbauer wa Austria, huifuata njia ukurasa baada ya ukurasa na kuonyesha palipo na lami, changarawe na magari mengi; sehemu hii ya Danube ina toleo la Kiingereza pia. Agiza mapema, kwa maana ramani iliyonunuliwa siku ya kufika haiwezi kukusaidia kuchagua mahali pa kulala.

Jibu kutoka Kakamega
Naafiki, ila simu isidharauliwe. OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea, na njia za baiskeli za Austria zimo kwa kina. Programu ya OsmAnd hutumia ramani hizo bila intaneti, mradi uzipakue ukiwa nyumbani. Hata hivyo kioo cha simu ni kidogo mno kwa mtu anayetaka kuiona safari ya siku nzima kwa mtazamo mmoja, kwa hiyo karatasi iwepo.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mke wangu anahofia milima, kwa sababu kupanda kilima cha Riat, hapa Kisumu, humchosha.

Jibu kutoka Nakuru
Shemeji asiwe na hofu. Njia hiyo, ambayo ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayopita nchi kadhaa za Ulaya, hufuata bonde na kuteremka polepole pamoja na mto, na upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi, yaani utawasukuma. Mkitaka kupanda vilima vya Wachau, baina ya Melk na Krems, ndipo mtazame mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa: ikisongamana, pana mwinuko mkali.

Mimi ningezingatia zaidi vivuko. Sehemu kubwa ya mto ina njia kwenye kingo zote mbili, lakini kwenye kona kubwa ya Schlögen njia ya ukingo wa kaskazini hukatika, na ni lazima kupanda kivuko. Baadhi ya vivuko hufanya kazi kwa msimu tu. Viwekeeni alama kwenye ramani, mthibitishe saa zake, kisha mchague ukingo wa kila siku.